Vikombe Viwili vya Maharage, Viwili vya Maziwa

...lakini aliuliza bila ubaya wowote, Bibi, na hilo ndilo lililonimaliza. Angeuliza kwa kunitega, ningejua namna ya kujitetea. Mathias hana mitego. Alikuwa ameshika kipande cha ndizi mkononi, wageni wake wawili, walimu wenzake, wameketi upande wa pili wa mkeka, naye amekwisha kuwasimulia, kwa mara ya tatu au ya nne tangu tuoane, jinsi mke wake alivyompa bibi yake afya kwa hesabu ya x na y. Yule mwalimu mrefu, ambaye ni mtu wa huku huku Karagwe, akacheka mpaka akaweka chakula chini. "Shemeji," akaniambia, "bibi wa Bweranyange, mwenye ng'ombe wake, alikula maharage na maziwa siku moja? Ulimfunga kamba?" Wakacheka wote. Mathias akataka kunitetea, maana hawezi kuona nikichekwa hata kwa utani. Akanigeukia, akasema, "Kwani mke wangu, hesabu ilisema lazima viliwe siku moja? Si maharage leo na maziwa kesho? Mwili utajuaje kwamba kumekucha?"

Nikasema nakwenda kutazama chungu jikoni. Jikoni hakukuwa na chungu chochote motoni. Nilisimama pale nimeshika mwiko mkavu.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Leo ni Jumatano, na tangu siku hiyo nazungumza nawe kichwani kutwa, nikipalilia, nikichota maji, nikimkunjia Mathias shati, mpaka nimeona ni heri niandike. Nakuandikia kwa Kiswahili ijapokuwa mimi nawe hatukuwahi kuzungumza Kiswahili hata siku moja, ila ulipokuwa ukinitania kwa kuniiga nikisoma. Kuandika nilifundishwa kwa lugha hii. Kwa Kinyambo ningelia tu, nisiandike.

Kwanza nikupe habari, maana umelala mwaka na miezi na hujui chochote. Nimeolewa, Bibi. Nimeolewa na mwalimu wa shule ya huku Nyakasimbi, mwenyeji wa Muleba, jina lake Mathias. Tulifunga ndoa kanisani miezi miwili na nusu iliyopita. Ni mwembamba, ana masikio makubwa, na akicheka anafumba macho yote mawili kama mtu anayeumwa. Ungemwona ungesema, "Huyu hajashiba tangu azaliwe," kisha ungemjazia ndizi jani zima la mgomba. Najua ungempenda. Najua pia kwamba kila anayeolewa husema hivyo, lakini mimi nina sababu. Jumamosi iliyopita tulikwenda Omurushaka kununua taa. Wakati wa kurudi nilipanda nyuma ya baiskeli yake, taa nimeipakata kama mtoto, na kwenye kila mlima alishuka akaisukuma baiskeli nikiwa nimekaa, mbele ya watu, wanaume wanamwangalia. Mmoja akamwambia, "Mwalimu, huyo ana miguu." Mathias akamjibu, "Ndiyo, na mizuri, sitaki ichakae." Nilijifunika uso kwa kitenge. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

Asubuhi kabla ya kwenda shule huniachia karatasi ndogo chini ya kikombe. Siku nyingine ni neno moja tu. Siku nyingine ni swali: "Unapenda mvua au jua?" Nami humjibu nyuma ya karatasi ile ile na kuiweka chini ya sahani yake mchana. Mtu na mkewe wanakaa nyumba moja na wanaandikiana barua. Nakuambia haya bila haya, na haya yenyewe ndiyo ninayotaka kukueleza, kwa sababu katika raha yote hii kuna kitu kimekaa kama mfupa kooni, na mfupa huo ni wewe. Hapana. Si wewe. Ni mimi.

Sasa nikueleze vizuri, hatua kwa hatua, maana hukuambiwa ulipokuwa hai.

Unakumbuka likizo ndefu ile niliyokuja nikakukuta umekonda. Nilikuwa nimevuka ziwa kwa meli, nikapanda lori, nikatembea kutoka barabarani na sanduku langu kichwani, nikiwaza jinsi utakavyonikumbatia. Uliponikumbatia nilihisi mifupa tu. Mama Mdogo Paskazia, mke wa Baba Mdogo, ndiye aliyekuwa akikutunza, kwa kuwa mwanao huyo alikuwa machimboni Kyerwa akichimba bati na alikuja nyumbani kwa nadra. Aliniambia jikoni kwamba mganga wa zahanati amekupima akasema huna ugonjwa, ila huli vya kutosha. Ule chakula cha kujenga mwili, na chakula cha kutia nguvu. Lakini ulikuwa ukila kidogo na kusema umeshiba. Siku ya maharage ulikula kikombe kimoja. Siku ya maziwa ulikunywa kikombe kimoja. Na siku mbili hizo hukukubali ziwe moja kamwe.

Mwiko huo niliujua tangu naota meno. Ulikuwa binti wa wafugaji, na kwenu aliyekula maharage hagusi maziwa mpaka kulale na kuche. Akigusa, anayeumia si yeye, ni ng'ombe aliyeyatoa. Kiwele kinavimba, maziwa yanatoka damu. Nawe ulikuwa na ng'ombe mmoja tu aliyebaki, Gaju, wa rangi ya udongo mkavu. Ulimwita kama mtu anavyoita mtoto wake wa mwisho. Ulikisafisha ekyanzi chake, kile chombo cha mti cha kukamulia, ukakifukiza moshi wa majani mwenyewe, hukumwachia mtu.

Lakini mimi nilikuwa nimetoka shule. Muhula ule ule Sista wa hesabu alikuwa ametufundisha milinganyo miwili inayojibiwa pamoja, na ili tuone faida yake alitundika ukutani jedwali la vyakula. Akasema: wasichana, siku moja mtakuwa na nyumba, na nyumba ina mafumbo mawili kwa wakati mmoja. Nilipenda jambo hilo kuliko wimbo. Vitu viwili usivyovijua, habari mbili juu yake, unaziweka moja chini ya nyingine, unaondoa kimoja, na kingine kinajitokeza chenyewe kama mtu aliyekuwa nyuma ya mlango.

Kwa hiyo niliketi pale uani kwako, wewe umeota jua, na nikaandika kwenye daftari. Maharage ni x, vikombe vingapi. Maziwa ni y. Kwa jedwali la Sista kikombe cha maharage kina mafungu kumi na tano ya kujenga mwili na cha maziwa kina manane. Ya kutia nguvu, maharage ni matatu na maziwa ni mawili. Nilikupangia, mbali na ndizi zako, mafungu arobaini na sita ya kujenga mwili na kumi ya nguvu. Basi:

15x + 8y = 46
3x + 2y = 10

Ule mstari wa pili nikauzidisha kwa nne, ukawa 12x + 8y = 40. Nikautoa kutoka ule wa kwanza. Zikabaki x tatu sawa na sita. Maharage vikombe viwili. Na maziwa nayo vikombe viwili. Haikubaki hata nusu. Niliona ni kama Mungu mwenyewe ameshika kalamu. Nikakuonyesha daftari, ukalitazama kwa adabu kama unavyomtazama mtoto wa mtu mwingine, ukasema, "Vizuri. Basi leo nitakula hiyo ya kwanza, kesho hiyo ya pili."

Ulisema hivyo, Bibi. Kwa mdomo wako. Nami nilikucheka.

Nilicheka kwa upole, kama tulivyofundishwa kuwacheka wazee, nikakwambia hesabu haigawanyiki hivyo, kwamba x na y wanakwenda pamoja ndiyo maana wanajibiwa pamoja. Ukasema, "Basi hesabu yako haina ng'ombe." Ukageuza uso kwenye jua.

Siku iliyofuata ndipo nilipoanza. Nilichemsha maharage mpaka yakalainika, nikayaponda, nikatia vitunguu na chumvi, kisha nikamimina maziwa ya Gaju, vikombe viwili, nikakoroga juu ya moto mdogo mpaka yakawa rojo moja. Uliniuliza mbona ni meupe. Nikasema, "Nimetia karanga, Bibi. Shuleni ndivyo tunavyopika." Ukaonja. Ukasema shule inajua kupika. Ukamaliza.

Kila siku kwa wiki tatu. Na asubuhi, ile siku yako ya maziwa, nilikupa uji na kukudanganya kwamba ndama amenyonya mengi.

Ulipata nafuu. Lazima niliseme hili pia, si kwa kujitetea, ila kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo sehemu pekee niliyomsimulia Mathias. Mashavu yalirudi. Ulitembea mpaka mwisho wa kibanja kukagua migomba, ukarudi umebeba kuni mbili ndogo ili kuonyesha. Nilitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Kila jioni niliandika daftarini "46" na "10" na kupiga mstari.

Kisha jirani aliyetukamulia alikuja mlangoni na ekyanzi, hakuingia. Ndani ya maziwa mlikuwa na nyuzi nyekundu. Kiwele cha Gaju kilikuwa kimevimba upande mmoja, na alipiga teke akiguswa.

Sasa hivi najua kwamba kiwele huvimba kwa sababu nyingi. Mathias ana kitabu cha mifugo. Nimekisoma chote nikitafuta mtu wa kunisamehe. Kinasema ni uchafu, ni jeraha, ni ndama mwenye meno. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini wewe hukuwa na kitabu hicho, na mimi niliyekuwa na vitabu nilikuwa najua jambo moja ambalo wewe hukulijua, na ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Ulituita ndani, mimi na Mama Mdogo. Hukupandisha sauti. Ulituuliza, "Nani amekula maharage akaongeza maziwa ya Gaju?"

Nikasema, "Mimi sijala, Bibi."

Na ilikuwa kweli. Mimi sikuonja hata kijiko, kwa sababu nilikuwa na hesabu ya mtu mmoja. Nilijisifu moyoni kwamba sijasema uongo. Fikiria msichana wa miaka kumi na saba anayejisifu hivyo mbele ya bibi yake.

Ukamtazama Mama Mdogo. Aliinamisha kichwa, akakunja ncha ya kanga, akaikunjua. Wewe ulikuwa ukijua kwamba nyumbani kwao hawakufuga, kwamba alipoolewa ilibidi umfundishe mwiko huo, na kwamba mara moja, siku za mwanzo, alisahau. Ukasema, "Miaka tisa, Paskazia. Miaka tisa nakufundisha." Kuanzia siku hiyo hukumruhusu kugusa ekyanzi, wala kusogea kwenye zizi, wala kukuletea maji ya kunawa. Mke wa nyumba ya ng'ombe asiyeruhusiwa kugusa chombo cha maziwa ni kama mgeni aliyepitiliza siku zake. Na mimi nililala chumba kimoja naye. Tulilala mgongo kwa mgongo. Sikusema.

Nilijiambia nitasema kesho. Nilijiambia nikisema, Bibi atakataa chakula changu na kukonda tena. Nilijiambia kwamba bado siku nne tu nirudi shule. Siku ya nne nilirudi shule.

Yaliyofuata niliyapata kwa barua. Kwamba Mama Mdogo alikusanya vitu vyake akarudi kwa mama yake, huku Nyakasimbi. Kwamba Gaju alipona baada ya majuma machache, akarudisha maziwa. Na kwamba wewe hukuyanywa. Ulisema wewe ndiwe mwenye ng'ombe na kosa limetokea chini ya paa lako, kwa hiyo utakaa bila maziwa mpaka moyo wako utakapotulia. Moyo wako haukutulia. Ulikaa bila maziwa mpaka masika, na masika yalipokwisha tulikuwa hatuna wewe. Nilipofika nyumbani udongo wa kaburi lako ulikuwa umekwisha kushuka na mtu alikuwa amepanda maua pembeni.

Sisemi nilikuua, Bibi. Nimejaribu kulisema hilo na nimeona nalo ni namna ya kujikweza, kama vile maisha yako yote yalikuwa kwenye daftari langu. Ulikuwa mzee. Nasema tu kwamba siku zako za mwisho uliziishi ukiwa na kiu ya kitu kilichokuwa hatua kumi kutoka mlangoni kwako, kwa kosa ambalo hukulitenda wala Mama Mdogo hakulitenda. Na mtu aliyekuwa na neno moja la kuwafungua nyote wawili alikuwa ng'ambo ya ziwa, akifaulu mtihani wa hesabu.

Sasa sikia la Mama Mdogo, maana hili ndilo linalonifanya nishindwe kumtazama mtu usoni.

Sikujua kwamba kwao ni mwendo mfupi tu kutoka kwa Mathias. Au nilijua, nikajifanya nimesahau. Nilipokuwa mwali hapa kwake baada ya harusi, nimefungiwa ndani zile siku za kulishwa na kupakwa samli, wanawake wa jirani waliingia kwa zamu. Siku ya tatu aliingia yeye. Alikuwa ameleta samli yake mwenyewe kwenye kibuyu, akaketi nyuma yangu, akaanza kunipaka mabegani. Mikono ile ile. Wengine walitoka kuanika nguo. Akasema, taratibu, kama mtu anayezungumzia mvua, "Karanga zako zilinukia maziwa, mwanangu."

Sikugeuka. Niliuliza, "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuoshea chungu."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanipaka mkono wa kulia mpaka akaumaliza ndipo akajibu. "Mama alikuwa anakula. Sikuwa nimemwona akila hivyo mwaka mzima. Na wewe ungesemwa, usingerudishwa shule. Nilidhani utasema mwenyewe ukishakua." Kisha akacheka kidogo, akanipiga bega. "Umekua sasa. Geuka nipake na huku."

Hakunidai chochote. Hilo ndilo jambo baya zaidi. Nililia, wanawake wakaingia, wakasema mwali anawalilia wazazi wake, wakaimba. Naye aliimba pamoja nao.

Na baada ya hapo, Bibi, bado nilinyamaza. Miezi miwili na nusu. Kwa sababu nina furaha, na mtu mwenye furaha anaogopa kutikisa kitu chochote. Mathias aliposimulia habari ya hesabu yangu kwa wageni, niliinamisha uso, watu wakadhani ni unyenyekevu. Wakasema, "Tazama alivyo na haya." Ndiyo. Nilikuwa na haya.

Jumapili ile, wageni walipoondoka, nilichukua karatasi ya Mathias iliyoandikwa upande mmoja na nikaifanya hesabu upya. Nilizidisha kila kitu kwa mbili, kana kwamba ni chakula cha siku mbili. Tisini na mbili ya kujenga mwili, ishirini ya nguvu. Nikaweka maharage vikombe vinne siku ya kwanza, kidogo kidogo, asubuhi, mchana na jioni. Maziwa vikombe vinne siku ya pili. Sitini na thelathini na mbili ni tisini na mbili. Kumi na mbili na nane ni ishirini. Ilikubali. Haikubaki hata nusu. Leo hiyo ya kwanza, kesho hiyo ya pili. Ulikuwa umelipata jibu ukiwa umeota jua, bila kalamu, nami nikakucheka. Ningekaa nawe tu nikakubembeleza ule kidogo kidogo kutwa, siku ya maharage na siku ya maziwa, kila mmoja angebaki na chake.

Jumatatu asubuhi ikaja barua ya Baba Mdogo kutoka Kyerwa. Anasema atakuja Bweranyange mwisho wa mwezi huu. Anasema amechoka kuwa mtu mwenye mke asiye na mke, na kwamba ameamua kumwacha Paskazia mbele ya wazee, kwa kuwa ni mwanamke aliyemharibia mama yake ng'ombe na kumfupishia siku. Na anataka talaka hiyo iandikwe, isije ikabishaniwa baadaye. Kisha akamalizia: "Njoo wewe utuandikie hiyo karatasi, mwanangu. Wewe ndiye msomi wetu."

Nilisoma mstari huo nikiwa nimesimama mlangoni. Mathias alikuwa anafunga kamba za viatu ili aende shule. Akauliza, "Habari gani za Kyerwa?" Nikamwambia akae chini. Akasema atachelewa. Nikasema achelewe.

Nikamsomea barua, kisha nikamwambia yote. Karanga. Gaju. "Mimi sijala, Bibi." Sikuacha kitu, hata yale ya usiku wa mgongo kwa mgongo. Hakunikatiza. Nilikuwa nayaangalia masikio yake kwa sababu nilishindwa kuangalia macho, nikawaza, sasa hivi kitakatika kile kitu kati yetu, na karatasi chini ya kikombe hazitakuwapo tena, nami nitakuwa mke wa kawaida wa mtu aliyekata tamaa naye. Alipoongea alisema jambo moja tu. "Nimewasimulia watu wangapi habari hiyo?" Nikasema ni wengi. Akainamisha kichwa. "Basi wote hao nitawarudia," akasema, "lakini wewe una mmoja wa kumrudia kwanza." Akasimama, akaenda shule na kamba moja ya kiatu haijafungwa.

Mchana hakukuwa na karatasi chini ya sahani, wala ya kwangu wala ya kwake. Jana hali kadhalika. Leo asubuhi nimeikuta chini ya kikombe. Imeandikwa, "Nitaomba ruhusa shuleni. Tutakwenda watatu." Sijui kama amenisamehe. Nadhani bado. Lakini ameandika "tutakwenda".

Mchana huu huu nimefika kwa Mama Mdogo. Nilimkuta akichambua maharage kwenye ungo. Alinitafutia kigoda, akaniletea mwani, zile buni za kutafuna, kwenye kikapu kidogo, kama mgeni wa heshima, mimi. Nikamwonyesha barua ya Baba Mdogo, nikamsomea, kwa sababu alitaka kuisikia yote. Nikamwambia nitakwenda, lakini karatasi nitakayoandika haitakuwa hiyo. Nikamwomba twende pamoja. Alichambua maharage kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Mbele ya wazee wote?" Nikasema, "Mbele ya wazee wote." Akasema, "Watakusema vibaya, na mume wako yupo." Nikasema ndiyo, atakuwapo. Akasema, "Basi nitahitaji kushona hii kanga." Sijamwomba msamaha bado, Bibi. Nilifungua mdomo nikaona siwezi kuuomba pale kwenye kigoda, na mwani mkononi, mahali pasipo na mtu. Aibu yangu aliibeba mbele ya watu. Nitauomba mbele ya watu.

Sijui Baba Mdogo atafanya nini. Huenda akamrudisha mkewe. Huenda akasema nimechelewa mno, kwamba mama yake amekwisha kufa na mimi ndiye niliyestahili kufukuzwa. Huenda wazee wakaniambia nisikanyage tena zizi la nyumba yetu. Nimelifikiria hilo. Ningelia, lakini ningetii.

Ninachokijua ni siku. Lori la Omurushaka hupita Ijumaa. Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu tutashuka barabarani, mimi na Mathias na Mama Mdogo, na tutaingia kwa miguu. Kabla wazee hawajakaa vizuri, kabla Baba Mdogo hajanipa kalamu, nitasimama. Nitasema maharage yalikuwa yangu, na maziwa yalikuwa yangu, na karanga hazikuwapo. Nitasema Paskazia hakula. Nitasema nawe hukujua, ili mtu asije akasema uliuvunja mwiko wa baba yako kwa hiari yako.

Kisha nitakuja kwako kaburini, kwenye migomba, peke yangu kwanza, nikuambie walivyosema. Wakinifukuza nitapitia nyuma ya kibanja. Usinitazamie nikiwa nimenyanyua uso. Lakini nitazamie kabla ya mwezi kwisha.

Mjukuu wako.